Kaa Huko Kidogo

Tampere, Desemba.
Jua limetoka saa nne kasoro, likakaa juu ya dohani za viwanda
kama mgeni asiyevua koti,
na saa tisa limeshaaga.
Aulikki hakuliona. Alikuwa chini ya ardhi,
katika chumba kisicho na dirisha
ambamo mwanga hupimwa kwa mapigo.

Mkononi ana kichupa cha mraba, upana wa kidole,
na ndani yake kimiminika cha hudhurungi kinachonuka lozi chungu.
Humo zimeyeyuka miligramu mbili:
miezi kumi na mmoja ya Tuure, na kovu moja kwenye gumba lake.
Molekuli yenye viungo vitatu vilivyoshikana:
huku karotini, ukoo mmoja na karoti;
katikati porfirini, ndugu wa kile kijani cha majani;
kule tufe la kaboni sitini, limeshonwa kama mpira wa miguu.
Jani lisiloota. Jani la kupikwa.

"Zima taa," anamwambia Veikka.

Pigo linapita.
Porfirini inashtuka, elektroni inaruka
kabla ukope haujajua kwamba utapepesa,
inatua ndani ya tufe.
Nyuma imeacha pengo, na pengo halikai wazi:
karotini inatoa elektroni yake, inaziba pale katikati,
inabaki yenyewe na upungufu.
Sasa deni liko upande huu, mali upande ule,
na baina yao jirani aliyekwisha kutulia
kana kwamba hakuhusika.

Nguvu yote imo katika umbali huo.
Lakini elektroni ina moyo wa nyumbani.
Inarudi, na ikirudi kila kitu kinageuka joto,
joto lisilopasha hata kijiko.
Msonobari ulio nje, umefunikwa theluji hadi mabegani,
ulilijua hili zamani:
huipokeza elektroni mkono kwa mkono kwa mkono
mpaka isahau njia iliyoijia.

"Kwa hiyo hatutaki irudi?"
"Tunataka ichelewe. Humu ndani, kurudi ndiyo hasara."

Amelisema kabla ya kulisikia.

Pihla, bintiye, ana mwaka wa saba Valparaíso.
Hupiga simu Jumapili, jua limemwagika nyuma yake ovyo,
halina thamani, limeanikwa juu ya nguo na mabati,
na mama humeza swali lilelile pamoja na kahawa.

Kwenye skrini mstari unapanda wima, kisha unateremka.
Mapigo mia tano, wastani wake.
Molekuli ya mwaka jana ilidumu nanosekunde tisini.
Aulikki ameinama hadi pumzi yake inaweka ukungu kwenye kioo.
"Kaa huko," anaiambia. "Kaa huko kidogo."

Mia tatu na arobaini.

Veikka haamini. Wanapuliza agoni upya, dakika ishirini,
kuifukuza oksijeni, ile dokozi isiyoacha chungu cha mtu.
Wanapima tena.
Mia tatu thelathini na nane.

Si kitu. Kwa muda huo mwanga wenyewe
ungefika mita mia moja na moja hivi,
yaani kutoka mlango wa maabara hadi kituo cha tramu.
Anautembea umbali huo jioni, akihesabu,
barafu ikilalamika chini ya viatu.
Hatua mia moja arobaini na sita. Miguu ya miaka hamsini na tisa.

Kituoni anavua glavu moja, anaandika:
*Unarudi l*
anafuta.
Anaandika: *Tumepata mia tatu thelathini na nane.*

Tramu imefika, imeondoka, ameisahau.
Kisha simu inatetemeka kiganjani:
*Mia tatu thelathini na nane nini, Mama?*
Anacheka peke yake,
kidole kimoja wazi kwenye baridi,
akitafuta pa kuanzia.